Koti Kwenye Bomba

Msinicheke. Koti la marehemu kaka yangu lilikuwa linavishwa nyuzi, na anayelivisha ni mtambo wangu mwenyewe.

Sisi tunasokota nyuzi za kuchujia moshi wa tanuri. Plastiki isiyoshika moto upesi huyeyushwa, ikapitishwa kwenye sindano, na umeme mkali huivuta ikawa uzi mwembamba kushinda unywele, ukajizungusha kwenye pipa. Ukizima, sindano bado ina umeme. Ndiyo maana anayezima huiwekea fimbo ya shaba yenye waya wa kuupeleka umeme ardhini, na haitoki hapo mpaka kazi ianze tena.

Siku ile kaka alizima, akaweka fimbo, akaenda kunywa chai. Mimi na haraka zangu nikaitoa, nikawasha kujaribu sindano mpya, nikazima, nikaenda zangu bila kuirudisha fimbo. Kaka akarudi, akatia mkono bila kuangalia. Aangalie nini, na fimbo kaiweka mwenyewe?

Bosi akaandika kwamba marehemu alisahau fimbo. Nami, mdogo wake wa tumbo moja, nikafyata ulimi.

Tangu hapo nyuzi zikawa zinaliacha pipa na kwenda kwenye koti lake, pale lilipobaki limetundikwa kwenye bomba la chuma.

“Dada, bomba linavuta umeme,” fundi umeme akaniambia. “Acha uchawi.”

“Bomba lina miaka tisa hapa! Mbona halikuwa linavuta?”

Akafunga kisanduku cha vifaa vyake, akaondoka.

Jana mchana wifi yangu akaja kuchukua koti. Akalikuta jeupe mpaka kwenye vifungo.

“Nani kalivisha sanda?” Akanigeukia. “Wifi, mwanangu kaambiwa shuleni baba yake alijiua kwa uzembe. Wewe ulikuwepo. Kweli alisahau?”

Uso uliniwasha, kama nyuzi zimenigusa. Nikapangusa, mkononi hamna kitu.

“Hakusahau. Niliitoa mimi.”

Nilingoja kofi, Mungu anajua ningelipokea. Badala yake akalishusha koti, akanivisha, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Mikono ikanizidi vidole.

“Nenda kwa bosi hivyo hivyo,” akasema. “Ukitoka huko, njoo nyumbani. Usilivue. Mwanangu atataka kusikia kwako, shangazi yake.”

Nikapanda ngazi za kwenda ofisini kwa bosi.