Mkamuaji kutoka Thornton Heath

Linus alikuwa dereva wa basi, na katika miaka kumi na mitano aliyoishi Landani hakuwahi kulazwa hospitali hata siku moja, wala hakuna nesi aliyemjua sura. Ndiyo maana Lydia, aliyekuwa akiimba naye kwaya kanisani Thornton Heath, alimwona ndiye hasa anayemfaa. Lydia alifanya kazi katika ofisi ya afya ya jamii, kitengo cha kujiandaa na milipuko ya magonjwa, na alikuwa akitafuta mtu wa kujifanya mgonjwa.

"Mafua ya ndege yameingia kwa ng'ombe wa maziwa kule Marekani," alimweleza. "Hapa kwetu hayajafika kwa ng'ombe, lakini tunataka kujua yakifika kwa mtu, hospitali itayatambua au la. Wewe utakuwa mkamuaji aliyerudi juzi kutoka huko. Macho mekundu, kikohozi, homa. Mkuu wa idara ya dharura anajua, wengine hawajui. Jibu unachoulizwa tu. Ng'ombe usiwataje mpaka mtu akuulize."

"Na wakitaka kunidunga sindano?"

"Una barua hii. Wakikuingiza chumba cha karantini, au wakishika sindano, itoe. Imeandikwa kwamba hili ni zoezi."

Linus alizaliwa Nyandarua, Kenya, akakamua ng'ombe tangu akiwa darasa la tatu. Aliona aibu kuigiza kazi hiyo kwa viatu safi. Asubuhi ya zoezi alipitia kwenye zizi dogo linalofunguliwa kwa watu kutazama mifugo, akaomba ruhusa, akakanyaga samadi mpaka gambuti zake zikakolea. Kisha akajisugua kitunguu machoni. Ndani ya basi la ghorofa dereva alikuwa mwenzake Jaswant, Singasinga mzaliwa wa Kisumu.

"Linus, bana, umekanyaga nini?"

"Niko kazini."

"Kazi gani hiyo? Nenda juu kabisa, kiti cha nyuma, na ufungue dirisha!"

Hospitali ilikuwa imefurika. Saa nzima ilipita kabla hajaitwa na nesi mmoja aitwaye Nancy, ambaye uso wake ulionyesha hajakaa chini tangu alfajiri.

"Unafanya kazi wapi?" Nancy aliuliza huku akichapa kwenye kompyuta.

"Fam," alisema Linus, akimaanisha shamba la mifugo, na kikohozi cha ustadi kikamkatiza.

"Famasi? Aa, basi wewe mwenzetu." Akaandika hivyo. "Una mzio wa dawa yoyote? Unatumia dawa gani? Sawa. Hayo macho ni maambukizi madogo tu."

Linus alimkazia macho kama mwanafunzi anayejua jibu na mwalimu hamwoni. Niulize nimetoka wapi, aliomba moyoni. Niulize nimegusa nini. Nancy akamwinua kichwa, akamtia matone machoni, akampa panadol mbili na kumwambia akae nje nusu saa kisha aende nyumbani.

Dawa ilipokutana na kitunguu, Linus aliruka. "Woi, mama yangu! Nimekufa!"

"Pole, kaka," sauti ilisema kwa Kiswahili. Alikuwa mama mmoja mfanya usafi, kitambulisho chake kimeandikwa Elinaja, ameegemea fagio la kupigia deki. Alinusa hewani, akatazama gambuti. "Jamani. Hayo si mavi ya ng'ombe?"

Linus nusura amkumbatie. "Ndiyo, dada."

"Umewakamua?"

"Kila siku. Marekani. Nimerudi juzi."

"Wazima au wagonjwa?"

"Wagonjwa! Wamekataa kula. Maziwa yamekuwa mazito, ya njano, kama ya ng'ombe aliyezaa jana. Wanasema ni mafua ya ndege."

Elinaja alirudi nyuma hatua tatu. "Usisogee. Usikohoe. Usimshike mtu." Akachomoa barakoa kwenye boksi ukutani, akajivika yake, akamrushia Linus mbili. Kisha akalaza fagio kukingama njia na kumwita Nancy kwa sauti iliyosikika mpaka eksirei.

"Lakini huyu ni mfamasia," alisema Nancy.

"Mfamasia gani ananuka zizi?"

Nancy alitazama gambuti kwa mara ya kwanza, akawa mweupe kama shuka. Kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri mno. Kufumba na kufumbua Linus alikuwa chumba cha karantini, watu waliovaa kama wanaanga wamemvua kila kitu na kumtia kwenye gauni lisilofungika nyuma. Nguo zake zikatiwa kwenye mfuko wa manjano, mfuko ukafungwa, na barua ikiwa ndani ya suruali.

"Ngojeni! Mimi ni dereva wa basi! Naigiza tu!"

"Maskini," Elinaja alisikika nje ya kioo. "Homa imeshapanda kichwani."

Kijiti cha pamba kiliingia puani mpaka Linus akahisi kinagusa mawazo yake. Sindano ilikuwa njiani alipotokea Lydia, aliyepigiwa simu na mkuu wa idara, akikimbia, kitambulisho juu, akipiga kelele kwamba ni zoezi.

Elinaja alikasirika kuliko wote. "Nimepiga simu kwetu Arumeru, Tanzania! Mama yangu na kikundi chake cha sala wamepiga magoti kwa ajili yako! Nitawaambia nini?"

"Waambie nimepona," Linus alisema kwa unyonge, akishika gauni kwa nyuma.

Kwenye kikao cha tathmini Nancy alilia kidogo. Alikuwa na wagonjwa ishirini, alisema, na fomu haikuwa na sehemu ya kuuliza habari za wanyama. Lydia akamwambia kosa ni la fomu pia. Akamgeukia Elinaja: alijuaje cha kuuliza?

"Kwetu bwana mifugo akija, anauliza kwanza," alisema Elinaja. "Umegusa nini, umekunywa nini, nani mwingine anaumwa. Ndipo anavaa glavu."

Fomu ikaongezwa mistari mitatu. Baada ya wiki mbili Elinaja alisimama mbele ya manesi wote kufundisha, na Linus, kwa viatu safi, akarudi kuwa mgonjwa. Nancy aliuliza vizuri sana, swali baada ya swali, mpaka akafika la mwisho.

"Mwezi huu umekunywa maziwa yasiyochemshwa?"

"Ndiyo," Linus alijibu. "Lita mbili kila Jumamosi. Kuna mzungu mmoja huko Kent ananiuzia, nagandisha maziwa lala."

Lydia alipekua karatasi. "Linus, hilo halimo kwenye maandishi."

Manesi wote wakageuka kumtazama. Linus alihisi masikio yakiwaka moto.

"Nilifikiri ananiuliza mimi," alisema.

Jumamosi hiyo alisimama mbele ya jiko lake Thornton Heath, sufuria imejaa, Elinaja yuko kwenye simu akimwambia asiondoke hapo mpaka yachemke kabisa. Hakuondoka. Yalichemka, yakafura, yakamwagikia jiko zima, na ilimchukua mchana wote kusugua.