Kidonge cha Jioni

Felicitas wa Nshamba alikwenda hospitali Bukoba kumwona jirani yake Benigna, akarudi kijijini na habari. Alisema nesi alimtilia Benigna kidonge mdomoni, Benigna akakitema ukutani, akasema amechoka kuishi kwa dawa. "Nimeona kwa macho yangu haya!" aliapa. Hakuona kitu. Alikuwa amechungulia faili lililoachwa kitandani.

Habari zikamrudia Jovina, binti wa Benigna, wodini, kwa simu ya mjomba wake Mutembei.

"Mama yako katushinda. Mtu anayetema dawa tumtumie ndizi za nini?"

Jovina alikata simu. Hii ilikuwa siku ya tano yuko hapo kando ya mama yake, na hakuna kilichompita. Dawa ya virusi vya Ukimwi ya asubuhi mama aliimeza, tena mbele ya nesi. Ya jioni haikuwahi kuletwa. Kule kliniki walimwongezea hicho kidonge cha jioni alipoanza dawa za kifua kikuu. Walisema za kifua zinaila nguvu ile dawa ya virusi, asipomeza mara mbili virusi vitaamka. Jovina alikabidhi kopo la vidonge siku ya kwanza kama alivyoagizwa. Sista Judica, msimamizi wa wodi, akalifungia kabatini. Kila saa tisa na nusu alasiri Sista alikwenda kwake mtaa wa Bakoba, na ufunguo mfukoni. Manesi wa zamu ya jioni walijibu neno moja: "Msubiri mwenye kabati."

Sasa Jovina akalifungua lile faili. Visanduku vya asubuhi vilikuwa na saini. Vya jioni, vyote vinne: amekataa, amekataa, amekataa, amekataa. Chini yake daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hataki dawa, kesho aruhusiwe arudi nyumbani.

Aliinuka nalo. Alimkuta Judica palepale wodini akifunga kabati, saa tisa na nusu ikikaribia.

"Sista, waitu, tafadhali, nani alikataa?"

"Kisanduku hakiachwi wazi, binti. Kikiwa wazi naulizwa mimi."

"Kwa hiyo bora aulizwe mama yangu?"

"Udaktari umesomea wapi wewe?"

"Sijasomea. Niliishia darasa la saba, nikajua kusoma 'amekataa'."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaguna, "Haya, Sista, jibu hilo!"

"Omwana wange, acha," Benigna alinong'ona huku akikohoa. "Watanifukuza."

"Wameshakufukuza, mama! Wamekufukuza kwa kalamu, na Nshamba nzima inakusema wewe!" Jovina alisikia sauti yake ikigonga kuta, wala hakuishusha. Aliliweka faili wazi juu ya meza, mbele ya Judica, akaweka na kalamu.

"Futa, Sista. Andika kwamba kabati lilifungwa. Halafu nipe kidonge kimoja tu cha leo, nimpe mbele ya nesi wa jioni, naye asaini."

Judica alitazama faili, akatazama mlango. Mkoba ulikuwa tayari begani.