Bes Aliyetazama Kando

Vumbi la chokaa lilielea katika mwanga wa asubuhi, likatua kwenye nyusi za Wabet, likatua kwenye tumbo lake la miezi tisa. Mumewe Pashed, mchoraji wa makaburi ya wafalme wa Misri, leo alikuwa nyumbani, akimchorea Bes ukutani: yule mungu kibeti mwenye sura ya simba, mlinzi wa wanaojifungua.

Watoto wawili walishamfia Wabet siku ileile ya kuzaliwa. Huyu alimtaka aishi. Mkononi alifunga hirizi ya kiboko mwenye mimba, kwa uzi wa mafundo saba, na bado aliogopa.

"Haya, tazama," Pashed akasema.

Akatazama. Ndevu nzuri, mkia mzuri. Lakini uso umegeukia kando.

"We bwana, huyu anachungulia nini huko, jikoni? Si anatakiwa aukodolee macho mlango, pepo wabaya wasiingie?"

Pashed akautazama mchoro wake. Miaka ishirini ya kuchora wafalme na miungu, wote wa ubavu, wote wakitazama kando, mkono umeshazoea. Uso unaomtazama yeye hajawahi kuuchora. "Sijui hata pua inakaaje," akakiri.

"Inakaa katikati, mwanamume wewe." Hapo uchungu ukamshika.

Mkunga, Mama Iyi, akaja mbio, akamchutamisha juu ya matofali ya kujifungulia. "Wewe toka," akamwambia Pashed.

"Abaki," Wabet akasema. "Achore."

Basi akafuta, akachora. Uchungu ukipanda, Wabet anamkazia macho mumewe. Uchungu ukishuka, bado anamkazia macho. Na Pashed naye alimtazama, akamtazama tena, kama mtu anayeonyeshwa mkewe leo, mpaka Wabet, katikati ya maumivu yale, akajiuliza: anaona nini kwangu? Mashavu yakamvimba, meno yakawa nje, ulimi ukawa nje. Mumewe alichora huku machozi yanamtiririka.

Mtoto akalia. Akalia kwa nguvu, akalia kwa hasira, na Wabet akalia naye kwa furaha.

Mama Iyi akageukia ukuta, akacheka hadi akaketi. "Pashed, huyu si Bes. Huyu mkeo."

Wabet akainua kichwa. Uso ule uliutumbulia macho mlango, mbaya mno, mkali mno, wake mwenyewe. Pashed, kwa aibu, akachukua kitambaa.

"Usiufute," Wabet akasema, akanyoosha mikono apewe mwanawe.