Maumivu ya Kipa wa Dunvale

Saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya Novemba, mashabiki watatu wa Bundi wa Dunvale, timu ya magongo ya barafuni, walikuwa wameshakaa kwenye meza yao mbele ya kantini ya uwanja wa barafu, na Verna Hnatiuk alikuwa anawamiminia kahawa. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Bundi walikuwa wamefungwa mechi sita mfululizo.

"Tusizungushe maneno," alisema Lorne Pederson, aliyeendesha basi la shule la mji huo mpaka alipostaafu. "Tatizo ni kipa. Tutafute mwingine."

"Utamtafuta wapi?" aliuliza Orest Bilyk, fundi wa matrekta. "Makipa hawaokotwi barabarani. Na huyu si mbaya. Mabeki wetu ndio wanaompisha kila mtu kama wamewekwa mlangoni kukaribisha wageni."

"Kipa anafumba macho, Orest. Nimemwona mwenyewe. Kisahani kikija, anafumba."

Gwen Lafond, ambaye aliwahi kuwa muuguzi, hakuinua uso kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiifuma. "Wampumzishe kidogo. Waweke yule wa akiba."

"Yule wa akiba hata mimi namfunga," alisema Lorne. "Na goti langu ni la bandia."

"Basi tukuweke wewe golini," alisema Gwen. "Kwa tumbo hilo hapatapita kitu."

Kipa waliyekuwa wakimsema aliitwa Dallas Friesen, kijana wa miaka ishirini na miwili, mchomeleaji vyuma. Msimu uliopita kisahani, kile kipande cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, kilimpiga kooni, chini kidogo ya waya za kofia, akakaa wiki nzima akizungumza kwa kunong'ona. Siku ya tisa kocha alimrudisha golini. Pale mezani hakuna aliyezitaja siku tisa. Tangu hapo Dallas alikuwa anafumba macho.

Verna alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mchezo wenyewe haukumvutia sana. Lakini dirisha la kantini lilitazama goli moja kwa moja, na mlango wake wa nyuma ulitazama chumba cha vifaa, ambako kabla ya kila mechi alimwona Dallas akiwa ameegemea ukuta, mikono ikimtetemeka ndani ya glavu.

"Mikono yake haina tatizo," alisema Verna akiwa ameshika birika. "Anaogopa kuumia. Angekuwepo mtu wa kumpokelea maumivu, angedaka vyote."

"Nani huyo? Wewe?" aliuliza Orest.

"Hata mimi," alisema Verna, akaenda kutoa chipsi kwenye mafuta.

Mechi ya jioni hiyo ilianza saa moja na nusu. Dakika ya nne mshambuliaji wa wageni alipiga shuti kali, na Verna akahisi pigo kwenye mfupa wa bega la kushoto. Sahani ya chipsi na mchuzi ilimponyoka. Kule golini Dallas aliligeukia bega lake na kulitazama, kama mtu aliyesubiri mgeni kituoni na basi likafika tupu. Kufikia kipindi cha pili alikuwa ameacha kufumba macho. Walipigiwa mashuti thelathini na nane, likaingia moja.

Verna alifunga kantini, akaingia msalani na kufungua blauzi. Alihesabu alama kumi na moja za mviringo, zenye upana wa kifuniko cha chupa ya jemu, zikianza kugeuka zambarau. Yalikuwa yale mashuti ambayo pedi za kinga za Dallas hazikuyameza.

Jumamosi iliyofuata aliwaambia wale watatu, akakunja mkono wa blauzi. Gwen alivaa miwani. "Hii ni ya dakika ya kumi na mbili," alisema. "Lile shuti la jezi namba saba." Lorne alikuwa ameirekodi mechi kwenye simu, wakaiangalia yote, wakilinganisha. Alama zote zililingana isipokuwa moja ya kwenye kiwiko, ambayo Gwen aliamua kuwa ni ya mlango wa friza. Verna alikubali. Alikuwa ameusahau ule mlango.

"Kwa hiyo tatizo limekwisha," alisema Lorne.

"Limehamia kwangu," alisema Verna.

Lorne alizima simu yake.

"Ndiyo," alisema Lorne. "Lakini wewe hufumbi macho."

Hawakuwa watu wabaya. Orest alimletea pedi ya kifua ya zamani, akaikata ili imtoshe chini ya aproni, lakini haikusaidia kitu kwa sababu mapigo yalitokea ndani. Gwen alimpaka dawa ya kuchua kila Jumapili baada ya kanisa. Bundi walishinda mechi tatu, halafu tano. Kocha, Murray Tkach, alifika kantini na boksi la chokoleti.

"Sema lolote utakalo, Verna," alisema. "Ila usiyafute yale maneno mpaka Machi."

Verna alikuwa ameshajaribu kuyafuta. Aliyafuta kwa sauti akiwa jikoni kwake, kwa Kiingereza na kwa Kiukraini, na kesho yake alipigwa mara tisa.

Umbali haukubadilisha chochote. Bundi waliposafiri, Verna alibaki nyumbani akikunja perogi za viazi, mfano wa sambusa, na mapigo yakamkuta hapo hapo mezani. Siku za mechi hakuweza kutulia. Tangu adhuhuri alikuwa anatoka dirishani kwenda jikoni, anahamisha kikombe, anakirudisha, anakaa, anainuka. Alikuwa amegundua kwamba pigo humuuma zaidi likimkuta ameketi. Wakati mwingine alivaa koti na kwenda kutembea kando ya reli, barafu ikilia chini ya buti zake, na watu walipunguza mwendo wa magari yao na kushusha vioo.

"Vipi bega, Verna?"

Wakaondoka kabla hajamaliza kujibu.

Jumanne moja ya Januari, Dallas mwenyewe alibisha hodi nyumbani kwake. Alivua buti mlangoni, akasimama na soksi zake, kofia mkononi.

"Bi. Hnatiuk, nimeambiwa. Samahani kwa lile la juzi, la ubavuni. Ningeweza kuliacha lipite."

"Lingekuwa goli."

"Ndiyo."

Alimwekea kahawa. Dallas aliishika kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa imetulia kama ya mtu mwingine.

"Nilikuwa nimepanga kuacha," alisema. "Nilimwambia kocha koo bado linauma, akasema linauma kwa sababu nalifikiria. Nikarudi golini kumeza mate siwezi. Sasa siumwi. Sijaufurahia mchezo hivi tangu nikiwa na miaka tisa." Alitazama kahawa. "Lakini ukiniambia niache, naacha. Sema tu."

Verna alitaka kusema. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akasogeza birika ambalo halikuwa na haja ya kusogezwa.

"Malizia msimu," alisema. "Lakini mwambie Murray aseme, mbele ya watu, kwamba alikurudisha golini ukiwa mgonjwa. Nataka nimsikie."

Dallas alimwambia. Kocha alijibu kwamba jambo hilo wataliangalia baada ya fainali.

Fainali ilichezwa Machi, nyumbani, dhidi ya Willowmere. Watu elfu moja na mia mbili walibanana katika uwanja wa watu mia tisa. Zikiwa zimebaki dakika nne, Bundi wakiongoza kwa goli moja, beki wa Willowmere alipiga kisahani kutoka mbali na kikampata Dallas usoni, juu ya waya za kofia. Mlio wake ulisikika hadi mlangoni. Dallas alitikisa kichwa kwa mazoea tu, akalidaka shuti lililofuata.

Ndani ya kantini, Verna alikuwa chini, katikati ya vikombe vya karatasi. Kupitia dirishani Gwen aliuona mkono wake ukipapasa ukingo wa kaunta. Mchezo ulikuwa unaendelea na ilikuwa vigumu kupita kati ya magoti ya watu, kwa hiyo alisubiri filimbi. Mwamuzi alipopuliza, kipyenga na kelele vilimfikia Verna kwa sikio la kulia peke yake. La kushoto halikurudi tena.

Bundi walitwaa kombe. Kwenye sherehe, katika ukumbi wa kanisa, Verna alisimama karibu na jukwaa, sikio zima likimwelekea kocha. Murray aliwashukuru mabeki, akawashukuru wazazi, akamshukuru dereva wa gari la kulainisha barafu na wanawake waliotengeneza sandwichi. Alimshukuru Verna kwa kahawa. Kisha akainua bilauri yake. Verna alisubiri hadi watu walipoanza kukunja viti.

Picha ya timu ilitundikwa kwenye korido ya uwanja. Verna yumo, ameketishwa mstari wa mbele karibu na kombe, uso umegeukia pembeni. Mpiga picha alikuwa amemwita kutoka upande wa kushoto.

Agosti, timu ya mji mkubwa wa mashariki ilimtaka Dallas. Alikuja kuaga akiwa amevaa shati jipya, na safari hii alisimama upande wa kulia wa Verna bila kukumbushwa.

"Bado nasema vilevile," alisema. "Ukiniambia niache, naacha."

"Acha," alisema Verna.

Dallas alitazama soksi zake. Nje, jirani alikuwa anakata majani kwa mashine, anafika mwisho wa bustani, anageuza, anarudi.

"Nimeshasaini," alisema.

"Najua. Uliniuliza, nimekujibu."

Alimkumbatia kwa uangalifu, kama mtu anayejua kila palipo na alama, akavaa viatu na kuondoka.

Kule mashariki wanacheza mechi nyingi kuliko Dunvale, na mashuti ni mazito zaidi. Mechi za timu hiyo hazionekani kwenye televisheni ya kantini. Jumapili moja ya Oktoba Dallas alikuwa anacheza mchana, na Lorne alivuta kiti hadi kwenye kaunta, upande ambao Verna anasikia. Orest na Gwen walivuta vyao. Bundi walikuwa na kipa mpya, walishamaliza kumjadili, na sasa walikuwa wakimtazama Verna, ambaye alikuwa anatembea kutoka kwenye jiko la mafuta hadi dirishani na kurudi.

Alisimama ghafla, akashika ukingo wa kaunta, akavuta pumzi.

"Ngapi mpaka sasa?" aliuliza Lorne.

"Kumi na nne."

"Na hilo la mwisho, limeuma?"

"Limeuma."

Lorne alitikisa kichwa kwa kuridhika, akawageukia wenzake. "Kalidaka hilo." Kisha akamrudia Verna. "Na yeye unamwonaje? Yuko vizuri?"

"Yuko vizuri," alisema Verna. "Haumwi popote."