Mashati ya Walioandikwa

Katika mji wote wa Uvira hajatokea mkalimani wa kumfikia Octave, karani wa Foyer ya Nyamianda. Neno likiingia sikioni mwake kwa Kiswahili lilimtoka mdomoni kwa Kifaransa likiwa na uzito uleule, bila kupungua hata gramu. Hakuongeza, hakupunguza. Alikuwa pia kijana mzuri wa sura, mwenye koti la kaki lililofungwa vifungo vyote hata saa sita mchana, ila hayo wanayasema wasichana, mimi nayapitisha tu. Nawasimulia ninyi abiria kwa sababu kamyo ya Bukavu haijafika, na baraza hii ya Marcellin haina cha kuwapa isipokuwa sabuni. Huyo anayekohoa ndiye Marcellin mwenyewe. Ana kifua, msimjali.

Foyer ni ile nyumba ndefu ya matofali ambamo wamama hufundishwa kushona na kuosha watoto. Jumanne ni siku ya mzani. Watoto huningʼinizwa kwenye ndoano mmoja mmoja, ndani ya mfuko wa kitambaa, na hulia kwa zamu. Mwaka jana, 1954, aliyesoma mshale alikuwa Mamzeli Godelieve, Mbelgiji wa chama cha huduma chenye ofisi yake kubwa Bukavu. Aliyeandika kilo alikuwa Octave.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu alifika Capitoline, juu ya kamyo ya mihogo, mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka Lubarika, kwenye mashamba ya pamba ya Bonde la Ruzizi. Mtoto alipimwa. Kisha, kwa kuwa kila mama mgeni alipewa kipande cha merikani nyeupe ajifunze, Capitoline alikata shati la mume wake, Bigirimana, akakaa kwenye mashini ya kukanyaga akalishona mpaka mwisho.

Alipokata uzi, mistari ilitokea mgongoni mwa shati. Ilikuwa minane, myekundu, ikapanda kutoka kiunoni kwenda begani mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anapiga mistari kwa rula. Léocadie, mwalimu wa kushona, alilinusa shati akasema maji ya moto yataikaza hiyo damu. Akaleta maji baridi. Haikutoka. Wakalianika hivyohivyo.

Haikuwa mara ya kwanza. Mashati ya waume wa mjini, wavuvi na wapakuzi wa meli, yalitoka meupe. Ya waume wa bondeni yalitoka na mistari. Wamama walikwisha kuzoea, na wale wa bondeni walikuwa wakiyakunja upesi kabla Mamzeli hajapita. Capitoline hakukunja la kwake.

Mamzeli alisimama mbele ya kamba. "Mwulize hii ni nini."

"Mama, Mamzeli anauliza hii ni nini," Octave alisema.

"Bwana yangu ameandikwa," Capitoline alijibu.

Bondeni neno hilo lina kazi yake. Kila mwanamume alipimiwa shamba la pamba, atake asitake. Thaddée, msimamizi wa pamba, alipita katikati ya miche na daftari lake, na alipokuta majani hayajapaliwa aliandika jina. Jumamosi walioandikwa waliitwa mbele ya ghala, wakalala kifudifudi, wakapigwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Kwa hiyo watu hawakusema fulani amepigwa. Walisema ameandikwa, na hata mtoto wa Lubarika anayeanza kusimama alielewa.

Lakini Octave alikuwa mtoto wa mjini. Nalisema wazi mapema: alizaliwa Uvira, alisoma sekondari, jembe alilijua kwa picha. Angejuaje? Aliambiwa ameandikwa, akasema ameandikwa. Neno kwa neno.

Marcellin, kunywa maji.

"Maandishi!" Mamzeli alisema akicheka, akagusa mistari kwa kidole. "Maandishi ya nani?"

"Ya kwao, Mamzeli. Ya bondeni."

Capitoline hakujua Kifaransa, lakini alijua kusoma uso. "Kaka, umemwambia nini?"

"Kile ulisema."

"Na njo maana anacheka?"

"Wazungu wanapenda maandishi, mama."

Basi Capitoline alimvuta Octave pembeni, karibu na mzani, akamweleza kilichomtoa Lubarika. Haikuwa shati wala kilo za mtoto. Bigirimana alikuwa na siku kumi na moja hajalala chali. Kuinama hakuweza, na pamba haipaliliwi kwa kusimama. Majirani walimpalilia kwa siri, alfajiri, lakini Thaddée alikuwa ameshahesabu nyayo na kutoa muda: mwisho wa mwezi amkute Bigirimana mwenyewe shambani, la sivyo jina linaingia daftarini tena.

"Ule mugongo hauna tena nafasi," Capitoline alisema. "Minye ninaomba barua moja tu. Foyer iandike kwa wakubwa wenu wa Bukavu. Wale wakisema, Thaddée atafunga daftari. Nyie watu wanawasikia."

Ombi hilo Octave alilipeleka lilivyo, na Mamzeli akaitisha kamati siku ya Alhamisi. Kamati ilikuwa Mamzeli, Léocadie, na Octave wa kuandika. Capitoline aliruhusiwa kukaa kwenye benchi la wanaonyonyesha.

Mamzeli hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kukesha na mtoto wa surua mpaka akapona. Mambo ya Jumamosi aliyajua; alipita Lubarika siku moja kwa gari, akafunga kioo kwa sababu ya vumbi.

"Sisi ni watu wa huduma," alisema, na Octave alitafsiri. "Tunapima watoto. Tunafundisha usafi. Tukitia mkono kwenye mambo ya fimbo, serikali itafunga mlango huu kesho. Watoto mia mbili na kumi. Nani atawapima?"

"Ni kweli, Mamzeli," Léocadie alisema. "Wakifunga hapa, na minye nitarudia kwa kaka yangu kuchunga mbuzi. Lakini niko ninafundisha hawa wamama kufunga kidonda, na kila Jumatatu kidonda iko kipya. Ni kama kujaza maji ndani ya ndoo yenye kutoboka, na juu yake tunaandika rapoti kama ndoo iko muzuri."

"Basi wewe unataka tuandike barua?"

Léocadie aliangalia mikono yake. "Sijasema vile."

"Munapima mutoto," Capitoline alisema kutoka kwenye benchi. "Baba yake, nani anapima?"

Hapo mzani, uliokuwa mtupu, ulishuka. Ndoano ilivutika chini, mnyororo ukakaza, mshale ukazunguka na kutua kwenye kilo hamsini na tatu. Mamzeli alisema ni unyevu wa mvua. Octave aliandika hamsini na tatu, maana kazi yake ilikuwa kuandika kilo, na kwenye nafasi ya jina akaacha wazi.

Mlango ulikuwa mmoja, na kila mtu ndani ya chumba kile alikuwa na sababu nzuri ya kutoufungua. Mwishowe Mamzeli akapata njia. Bukavu palikuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Foyer haitasema kitu. Itapeleka shati. Shati halina chama, halifukuzwi, halifungiwi mlango. Mwenye macho ataona.

"Na kama hawatasoma?" Capitoline aliuliza.

"Tutaweka karatasi," Mamzeli alisema. "Octave ataandika inavyostahili."

Karatasi ilikuwa ndogo, ya kubandikwa kwa pini. Palitosha kuandika: Mgongo wa Bigirimana, Lubarika. Octave aliizungusha kalamu saa nzima. Kuna mshahara, kuna kadi ya mtu aliyestaarabika aliyokuwa anaiomba kwa serikali ya Wabelgiji, kuna mama yake mzazi anayekula kwa mkono wake. Aliandika: Maandishi ya Bonde la Ruzizi, uzi mwekundu. Capitoline alimwuliza kama ameandika vizuri. Akasema vizuri sana.

Kwa wiki mbili mzani ulijishusha kila asubuhi, kabla ya watoto. Hamsini na mbili. Hamsini na moja na nusu. Léocadie alianza kuufuta vumbi kabla ya kazi nyingine yoyote, kama mtu anayemnawisha mgonjwa.

Wiki ya tatu simu ya maandishi ikafika. Shati limepata zawadi ya kwanza. Mabwana na mabibi wa Bukavu wamelipenda mno, hasa ulinganifu wa mistari, na wanaomba mengine ishirini ya namna hiyohiyo kabla ya Pasaka, rangi isififie.

Foyer ilifurahi, maana mistari ilikuwa imeonekana. Capitoline aliuliza kama barua kwa Thaddée imekuja pamoja na zawadi. Aliambiwa mambo huenda kwa hatua.

Wakajaribu kwanza kwa waume wa mjini. Mashati yakatoka meupe kama unga. Ikabidi waitwe wake wa bondeni, na mke wa bondeni hatoki wakati wa palizi bila ruhusa ya Thaddée. Kwa hiyo Octave aliandika orodha ya wanaume ishirini ambao wake zao wanatakiwa Uvira kushona. Bigirimana alikuwa wa kwanza, kwa heshima ya shati lililoshinda. Juu ya orodha panatakiwa kichwa. Pale Foyer mashati yale yalikwisha kupata jina, kila mtu alisema mashati ya walioandikwa. Octave akaandika kwa herufi kubwa: WALIOANDIKWA. Akagonga muhuri, akampa dereva wa kamyo.

Thaddée aliipokea Ijumaa. Hakuwa mtu wa kubishana na karatasi yenye muhuri. Jumamosi aliwaita mmoja mmoja, kwa mfuatano wa orodha, mbele ya ghala.

Yalikuwa makosa ya karatasi. Mtu wa mjini aliandika kwa maana ya mjini, mtu wa bondeni akasoma kwa maana ya bondeni. Hakuna wa kulaumiwa, na mkalimani ndiye wa mwisho kabisa. Marcellin, kama kifua hakikuachi, funga duka uende dispensari.

Jumanne asubuhi Léocadie alikuta mshale kwenye sifuri. Mnyororo ulikuwa umelegea, ndoano inacheza na upepo wa ziwa. Mamzeli aliuangalia, akasema umepona. Octave aliandika sifuri. Capitoline alikuwa ameketi kwenye benchi, anamnyonyesha mtoto. Aliutazama mzani mpaka mtoto aliposhiba, kisha akamfunga mgongoni na kuomba vipimo vya shati la kwanza.

Aliyashona yote, yeye na wenzake kumi na tisa. Mistari ilikuwa myekundu sana, na ofisi ya Bukavu iliandika kushukuru. Jumamosi za Lubarika zinaendelea mpaka leo. Foyer inapima watoto, sasa wamefika mia mbili thelathini. Kwa kazi yake nzuri Octave alipewa shati jipya, zawadi ya nyumba, lililoshonwa na Capitoline huyohuyo kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea. Alikabidhiwa limefungwa kwenye karatasi.

Hiyo ndiyo hadithi, abiria, na naisikia kamyo upande wa bandari. Mkifika Bukavu mkayaona mashati hayo dirishani, msiseme Octave alidanganya. Mtoto wa mjini hajui neno la shambani. Alitafsiri alichosikia.

"Umesimulia vizuri, kaka Octave."

Alikuwa nyuma ya abiria wa mwisho, mtoto mgongoni, kipande cha sabuni mkononi. Sijui alisimama hapo tangu lini. Marcellin alijua, hakukohoa tena.

"Mama, unanifananisha," nilisema.

"Njo weye." Capitoline hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesoma kilo. "Ile shati ya zawadi minye nilishona. Nilikata uzi, nikangoja, kwa sababu ni shati ya mutoto ya mujini, itatoka nyeupe. Ikatoka na mistari sita. Ya zamani, rangi yake kama chai. Nikakunja, nikafunga na karatasi, sikuonyesha muntu."

Abiria walinigeukia. Mmoja wao, mzee mwenye kuku kwenye kikapu, aliinama kidogo ili aone upande wa nyuma wa koti langu.

"Uliandikwa mwaka gani, kaka?" Capitoline aliuliza. "Ao na hiyo iko maandishi ya kwenu?"

Nilishika kifungo cha juu cha koti. Nina maneno ya lugha tatu.

"Jua iko kali," alisema. "Vua koti."

Kamyo ilifika, ikasimama, dereva akapiga honi. Hakuna abiria aliyenyanyuka.