Gari Lililokuwa Likizima Lenyewe

Kitengela nzima, ukitaka kuwekewa swichi ya siri, uliambiwa uende kwa Khisa. Miaka ile ya tisini wezi wa magari walikuwa wametuzoea mno, na dawa yao ilikuwa hiyo: kiswichi kidogo kinachofichwa mahali anapopajua mwenye gari peke yake. Kikizimwa, gari haliendi popote. Khisa alizificha kiasi kwamba hata fundi mwenzake hangeziona. Tena alikuwa na mwiko wake: gari likishatoka uani, anasahau. Hakuandika popote. Ukimuuliza ya fulani iko wapi, hata uwe polisi, jibu lilikuwa moja tu: "Sikumbuki." Watu walimpenda kwa neno hilo, naye alijipenda pia.

Mwaka wa 2000, Hilowle, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Isinya, alimletea pikapu ya dizeli, ya buluu, aliyoinunua mnadani. Ilikuwa na tabia mbaya. Inakwenda vizuri siku tatu, ya nne inazima katikati ya barabara bila onyo. Ukingoja, inawaka kana kwamba haijafanya kitu.

"Fundi, sihofii mbuzi," Hilowle alimwambia. "Nahofia bibi yangu, Waris. Mimba ya kwanza alivuja damu sana. Daktari huko Kajiado alisema uchungu ikianza tukimbie, tusingoje. Ako na miezi saba sasa."

Khisa alijua pa kuanzia. Injini kama ile, ikishawaka, hutegemea waya mmoja tu, ule unaofungua mafuta kwenye pampu. Waya huo ukikosa umeme hata kidogo, mafuta yanafungwa na injini inakufa. Akaufuata kwa taa yake ya kupimia. Taa ikawaka. Akautikisa, akauvuta, akaendesha gari hadi Athi River na kurudi. Taa bado inawaka, inamcheka. Alisafisha vichwa vya betri, akabadilisha swichi ya ufunguo, akabadilisha hata valvu ya pampu yenyewe. Wiki ya pili gari likarudi. Ya nne likarudi tena.

"Niwekee waya moja kwa moja kutoka kwa betri," Hilowle akasihi.

"Hiyo ni kazi ya wababaishaji, mzee. Gari haitakubali kuzimwa na ufunguo. Nipe siku, nitaupata huu ubovu."

Kilikuwa kiburi. Tusikipambe.

Waris alishikwa na uchungu asubuhi ya Jumanne, mwezi mmoja kabla ya siku zake. Pikapu ilizima kati ya Isinya na Kajiado, jua linachoma, barabara tupu. Hilowle alizungusha ufunguo hadi mkono ukafa ganzi. Dakika arobaini baadaye gari liliwaka. Hospitalini walimwokoa mtoto. Waris hawakumuwahi; damu ilikuwa imekwisha kumtoka.

Hilowle alirudi kwa Khisa baada ya siku saba. Khisa alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, angeshukuru. Lakini mzee alimpa ufunguo tu.

"Tafuta, fundi. Nataka kujua ilikuwa nini."

Khisa aling'oa viti, akang'oa mazulia. Siku ya pili, chini ya kiti cha dereva, alipasua fungu la nyaya za kiwandani, lile ambalo fundi hana sababu ya kulipasua, akakuta ndani yake nyaya mbili ngeni. Akazifuata hadi nyuma ya reli ya kiti. Hapo palikuwa na kiswichi kimeliwa na kutu, kinagusa na kuachia. Maungio yalifungwa kwa uzi wa kushonea magunia, mafundo matatu. Hakuna mwingine Kitengela aliyefunga hivyo.

Alikwaruza rangi ya buluu ukingoni mwa mlango. Chini ilikuwa nyeupe. Ile pikapu nyeupe ya Gakuru, mpima mashamba, mwaka wa tisini na nne. Yote yalimrudia, hata soda aliyonunuliwa siku ile, Gakuru akimsifu kwamba hii haitaonekana kamwe. Khisa alikata ule uzi, akakaa kwenye sakafu ya gari, miguu nje.

"Umepata?" Hilowle aliuliza.

Akamwonyesha. Mzee alikitazama muda mrefu kile kitu, hakikuzidi ukucha wa kidole gumba.

"Si wewe ndiye unaweka hizi? Hii gari ulikuwa umeiona mbeleni?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia.

"Sikumbuki."

"Najua. Watu wote wanasema hukumbukangi." Hilowle aliushika mkono wa Khisa kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mafundi wengine walinifukuza. Wewe hukuniacha. Mungu akulipe."

Khisa alikuwa bado ameufumbata ule uzi wa magunia kiganjani. Aliogopa kuufungua mkono, na mzee hakuwa na haraka ya kuuachilia.