Rimu za Kumbeba Mama Mkwe

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, Hiace ya Zephaniah ilikuwa juu ya jeki mbele ya duka la matairi la Usumani, Kimironko, na habu ya nyuma ilionyesha boliti tano. Rimu zilizong'aa kuliko zote ukutani zilikuwa na matundu sita.

Zephaniah alizitazama mara moja akaziacha. Alikuwa fundi wa taa za njia ya ndege katika uwanja wa ndege wa Kanombe, na macho yake yalizoea kuhesabu. Usumani, mtu wa Tanga, alikubali kwamba hizo ni za Hiace mpya. Hili la zamani halizipokei hata kwa dua. Akatoa nyingine za matundu matano, nyeusi, pana, zilizotokeza kidogo nje ya bodi. Zikafungwa, gari likashushwa, usukani ukazungushwa mpaka mwisho, kulia na kushoto. Hazikugusa popote.

"Chukua, kaka. Gari limekuwa bwana harusi."

Kabla ya Pasaka Zephaniah alikuwa amenunua rimu za namna hiyo kwingine, akazipima vivyo hivyo gari likiwa tupu, akaridhika. Kisha akampakia mama mkwe wake, Mama Mukunde, pamoja na wadogo zake mama huyo. Walipoteremka kilima cha Rebero springi zilibonyea, tairi likasugua madigadi, gari zima likanuka mpira. Mama Mukunde hakulaumu. Alishukuru, akashuka, na tangu hapo kila alipoalikwa kupanda alisema ana haraka, akaita pikipiki. Bibi wa makamo yake, kofia ngumu juu ya kilemba. Wiki moja baada ya Jumamosi hii ukoo ulikuwa uende Rwamagana kumposea mpwa wa mama huyo, na Zephaniah alitaka jambo moja tu: Mama Mukunde ashuke mbele ya wakwe wapya kutoka kwenye gari la mkwe wake.

Safari hii basi alitaka kulipima likiwa limebeba. Usumani akashauri wapakie magunia ya viazi. Mangapi? Hapo Zephaniah alikwama, maana kilo za mama mkwe haziulizwi, wala hazikisiwi mbele ya watu. Akampigia simu mkewe, Mukunde, aliyekuwa sokoni na mama yake na mama zake wadogo wakichukua mishanana, nguo zao za kitamaduni za sherehe, kwa fundi cherehani. Aliuliza kwa sauti ya chini. Mukunde alicheka hadi wenzake wakadai kuambiwa.

Haikuchukua muda wakafika, wamebeba mafurushi. Mama Mukunde, kwa ajili ya goti lake, alikuja nyuma yao kwa pikipiki, akamwambia dereva asubiri. Alimsalimu mkwe wake bila kumkazia macho, kama ilivyo adabu.

"Nasikia ulitaka kilo zangu."

"Niliogopa kuuliza, Mama."

"Ulifanya vizuri. Ungeuliza, tungekurudishia ng'ombe wako."

Akapanda, akakaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Wengine wakajaza viti, wakitaniana nani ahesabiwe mara mbili. Zephaniah alilala chini kwenye saruji na rula yake. Kati ya tairi na madigadi haikupita. Mukunde alikwisha kuzipenda rimu zile nyeusi, na hakuna mwingine aliyekuwa akiona chini ya gari. Zephaniah aliinuka na vumbi lake.

"Hizi nazo zitasugua, Mama. Tuzitoe."

"Basi zitoe. Tutashuka, tutapanda tena."

Usumani, bila furaha, akatoa rimu za kijivu, nyembamba, zisizotokeza, na matairi ya mzigo yenye herufi C ubavuni. Mukunde alisema sasa gari linafanana na la kusambazia mikate.

"Mikate inafika kila asubuhi," alisema mama yake.

Wakapanda tena wote. Rula ilipita, na kidole juu yake. Zephaniah akawazungusha mtaani, akapita kwenye matuta makusudi, akafunga breki kwenye mteremko. Waliporudi, Mama Mukunde alishuka, akainama taratibu, akaweka kiganja juu ya tairi la nyuma, kisha akakinusa.

Akamwendea dereva wa pikipiki, akamlipa na kumrudishia kofia yake. Dereva aliifunga kofia nyuma ya kiti, akaondoka peke yake kuelekea sokoni.